Bangili ya Zena Ilivyotupeleka Tanga

Ulikuwa mwaka ule wa chukuchuku, wa kula bila nazi. Jirani zangu wa Mwera hawana haja ya kuelezwa, ila walio mbali na wajue: jua lilikaa juu ya minazi hata vidaka vikapukutika vikiwa vidogo kama kidole gumba, na nyumba nzima zikala mchicha wa maji na chumvi, wali mkavu, kisamvu kisichokubali kuteremka kooni. Ramadhani tulifuturu muhogo mweupe usio na tone la tui, kama tuliofiwa. Halafu mvua zikaja, na kabla mwaka haujaisha nazi zikarudi zote kwa pamoja. Tukala kama watu waliotoka kifungoni. Naanza na chakula kwa sababu ndivyo ninavyohesabu miaka. Kalenda ya ukutani mimi naitazama picha tu.

Ndani ya mwaka huo mjukuu wangu Zena alivalishwa bangili. Zena ana maradhi ya kuanguka, kifafa, nayataja kwa jina lake kwa sababu aibu sina. Hospitali moja ya Tanga ilikuwa inafanya utafiti wa watu wenye maradhi hayo. Wanakuvika kibangili cheusi cha mpira, kinalala nawe, kinaoga nawe, na ukianguka kinajua mkono ulivyotikisika na moyo ulivyokwenda mbio, kikapeleka habari kwa simu mpaka kwa daktari. Aliyekubali ni mimi, niliyemlea. Miezi ya mwanzo bangili ilinyamaza, na Zena akafaulu mtihani, akapangiwa shule ya bweni. Mara simu zikaanza. Daktari anasema binti anaanguka karibu kila siku, kabla ya adhuhuri. Mimi nasema mbona simwoni akianguka? Akasema pengine ni maanguko madogo yasiyojionyesha, mleteni tumtazame.

Mwanangu Hamza, baba mkubwa wake Zena, aliposikia hayo akasema shule basi. Akae ndani kama mwali, alindwe. Msimwone mbaya Hamza. Baba yake Zena, mdogo wake, alikuwa na maradhi hayo hayo. Alianguka akiwa anatega dema la samaki kwenye maji ya magotini, asiinuke tena, na Hamza ndiye aliyembeba mpaka nyumbani. Lakini wote wawili niliwazaa mimi, nami nikamjibu pale pale ukumbini, "Mjukuu wangu hakai ndani."

"Na daktari akisema ni kweli?"

"Twende kwanza tukasikie."

Asubuhi ya kuondoka tulipanda kenta ya Hamza iliyojaa nazi za kupeleka sokoni Tanga. Tulikaa mbele watatu, Zena dirishani. Ukungu ulikuwa bado umelala mashambani, na minazi ilionekana vichwa tu, inaelea. Sijui ni ule mtikisiko au ni uzee, nilijiona kama nasafiri ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Zena akaniegemea. Nikamwambia, mke mwenzangu, usinilalie, mume wetu kaburini atasema nakudekeza. Akanijibu kwamba mume wetu kaburini anapumzika na mikoromo yangu. Hamza alicheka, na siku ile hakucheka tena.

Tulipofika kijiji cha Bweni tukaingia kwenye pantoni kuvuka mto. Maji yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo nyumba za Pangani zikitetemeka kwa joto kama kitambaa kilichoanikwa. Tulishuka garini kupata upepo. Sasa Zena, kabla ya kuanguka, husikia harufu ya udi uliozimwa kwa maji. Tangu mdogo ni hivyo. Pale pantoni hapakuwa na udi, palikuwa na dizeli na dagaa. Akanishika kanga.

"Bibi, udi."

Nikamlaza ubavu, nikamwekea mtandio chini ya kichwa, nikaanza kumsomea. Watu wakarudi nyuma wakatuachia uwanja, maana kwetu wanadhani povu linaambukiza. Mama mmoja akatoa kijiko kikapuni, ati nimtie mdomoni asiume ulimi. Nikamwambia kijiko akapeleke kwenye uji wake, mtoto hatiwi chuma mdomoni. Hamza alikuwa amerudi garini, kioo kimepandishwa, mikono kwenye usukani, na gari limezimwa.

Zena alipofumbua macho tulikuwa tunakaribia ng'ambo. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema alikuwa kwenye nyumba yenye milango mingi, na sote tunamwita, kila mmoja kwa mlango wake, asijue atokee upi. Simu ikalia kwenye mkoba wangu. Ni Daktari Rehema, yule wa utafiti, anauliza kama Zena ameanguka. Nikasema naam, leo mimi na bangili yako tumeona jambo moja.

Baada ya Pangani, Zena alilala, kwa sababu akianguka hulala sana. Mashamba ya mkonge yalipita, mistari na mistari, mpaka macho yangu yakawa hayajui kama sisi tunakwenda mbele au mkonge unarudi nyuma. Tukapita Tongoni. Kule kwenye magofu kuna makaburi ya watu ambao hata majina yao hayapo tena, nikawaza kila mmoja wao alikuwa na mama. Hapo Hamza akasema neno moja tu: "Umeona."

Mjini Tanga, mtaa wa Chumbageni, tulifikia kwa shoga yangu Salma. Wao ni watu wa asili ya Omani, baba yake alikuwa na mashamba Mwera, tukacheza pamoja tukiwa hatuna meno ya mbele. Akatufungulia baraza, akatupa kahawa na mkate wa kumimina, na kabla sijakaa akauliza kama Mwera yote imekuja, na nazi zake ni ngapi. Nikamwonyesha kikapu. Akasema afadhali, alishaanza kusahau kama ana shoga. Zena alilala kwenye kochi lake mchana kutwa, na Salma alipita kwa vidole, yeye ambaye akitembea hutikisa makabati. Akaninong'oneza kwamba Hamza hana ubaya ila ana woga. Nikamwambia najua, lakini woga wake anataka kumvika mtoto wangu.

Siku ya pili, hospitali. Daktari Rehema ni binti mdogo, Mshambaa wa milimani, akanipa shikamoo mpaka nikasahau maneno makali niliyokuja nayo. Tulimfumua Zena mabutu, akampaka kichwani dawa ya kunata, akambandika nyaya nyingi, halafu akamwambia alale. Chumba kilikuwa na giza jepesi na ubaridi wa mashine. Kwenye kioo ikaanza kupita mistari. Enyi mlioona mchanga wa pwani maji yakiwa yametoka, yale makunyanzi madogo madogo yanayokwenda mpaka mwisho wa jicho, basi kichwa cha mjukuu wangu kiko hivyo. Nilikaa nikautazama usingizi wake unapita mbele yangu. Pengine nami nililala. Niliona dema tupu, na maji yake ni masafi, wala sikuogopa.

Mchana wake Daktari alituketisha mbele ya kompyuta. Hamza naye alikuwa amekuja, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Daktari akatuonyesha mstari wa pantoni: umepanda kwa vurugu, ukakatika, na moyo chini yake unakimbia. Halafu mistari ya nyumbani, ile ya kabla ya adhuhuri. Mkono unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, lakini moyo umetulia kama mtu anayeimba. Akasema tangu jana alipoona wa pantoni hakupata raha, kwa kuwa hii mingine haifanani nao. Wengine hudanganya bangili kwa kupiga mswaki. Akauliza Zena hufanya nini saa zile.

Nikasema huwa jikoni nami. Moto nilimkataza tangu zamani, asije akauangukia. Nilimpa mbuzi.

"Mbuzi wa kuchunga?"

"Mbuzi ya kukunia nazi, mwanangu. Nyinyi milimani mnakula nini?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kwao nazi wanaiona sokoni tu, na hao waliotengeneza bangili pengine hata sokoni hawajaiona. Lakini hakutaka tuondoke na maneno, alitaka ithibitike. Nikampigia Salma. Akaja amebeba mbuzi ndani ya baibui kama mtu aliyeiba mtoto, na nazi mbili mfukoni. Zena akaketi, akakuna. Simu ya Daktari ikalia: ameanguka. Nikavaa mimi bangili, nikakuna. Ikalia: nimeanguka. Salma akasema na yeye asinyimwe, akakuna kwa madaha yote ya Chumbageni, naye akaanguka. Mlinzi alichungulia akatuona vikongwe wawili na daktari tunafuta machozi, na chicha sakafuni.

Daktari alipotulia alimwomba Zena aendelee kukuna kidogo kila siku aliyovaa bangili, mtu akiwa karibu, ili mashine ifundishwe mikono ya huku. Kisha akasema yaliyobaki, wala hakuyafunika. Tangu bangili ivaliwe, Zena ameanguka kweli mara mbili, ile ya pantoni na moja kabla yake usingizini. Dawa haitaongezwa, lakini haitaachwa. Kuoga mlango usifungwe kwa komeo, majini asiende peke yake, na mbuzi ina meno ya chuma, kwa hiyo asiachwe nayo. Shule anaweza kwenda, na matroni aelekezwe kumlaza ubavu, kumngoja, kutomtia kitu mdomoni. Hamza akauliza kama kuna siku yatakwisha. Daktari akasema kwa wengine huisha, kwa wengine huendelea, na yeye hawezi kumwambia Zena ni wa kundi gani. Nilimpenda kwa kutojua kwake.

Kurudi, kenta ilikuwa tupu, inapiga kelele kila shimo. Mkonge ukapita tena, Tongoni ikapita. Zena hakulala, alikuwa anahesabu atakayobeba shuleni: ndoo, neti, kanga zangu mbili ambazo sikumpa. Mimi nilikuwa nawaza jambo nililolipata safarini. Nazi zilipokosekana bangili ilinyamaza, na ziliporudi, miezi yote ile tuliogopa maanguko mengi ambayo yalikuwa ni mboga yetu inatengenezwa. Ya kweli yalikuwa mawili. Mawili mimi nayaweza, hata yakiwa matatu. Kinachonishinda ni yale ya watu, ya woga.

Pantoni ilipoondoka Pangani, Zena alishuka garini akaenda ukingoni mwa pantoni kutazama maji. Hamza alizima gari. Hakunitazama.

"Mama, mara mbili ni mbili. Kwa mdogo wangu mara moja ilitosha." Akasema kile chumba cha uani atakipaka rangi, ataweka televisheni, ataweka feni, mtoto hatakosa kitu. Akasema hawezi kubeba mwingine. Sauti yake ilikuwa ile ya utotoni, alipokuwa akiogopa ngurumo.

Nikamshika shavu, maana ni mwanangu huyu naye. Kisha nikashuka, nikaenda kusimama na Zena ukingoni, nikaishika ncha ya kanga yake nikaizungusha kiganjani. Alikuwa amefumba macho, anavuta upepo. Nikamuuliza kama kuna udi. Akatikisa kichwa, hakuna, ni mto tu. Nikageuka nyuma, kioo cha gari kilikuwa kimeteremshwa, na Hamza anatutazama. Nikamwambia:

"Mjukuu wangu hakai ndani."