Pompe ya Furaha mu valise ya koko yake

Leo mama yangu amefungia dawa ya mutoto wangu mu valise ya vitenge vya sikukuu!

Pompe ya asthme, ile ya kuvuta kila asubuhi.

«Maman, juu ya nini?»

«Furaha haiko mugonjwa. Tuichunge, tutaitoa siku atakosa pumzi.»

Nilitaka kulipuka, kweli.

Furaha, miaka saba, akanitangulia:
«Koko, mufereji ya nyuma ya nyumba, tunaisafisha wakati gani?»

«Mbele ya mvua.»

«Hii pompe ni vile. Ile ingine ya bleu, ya kukosa pumzi, ni ya siku maji imeshaingia mu nyumba.»

Mama akafungua valise.

Kila asubuhi, hata kama hakohoi! Kwenu pompe iko wapi?

Ufunguo ya valise, minabaki nayo.