Siku Niliyoitetea Kusini

Katika darasa letu la Kiingereza la watu wazima, mtaa wa Kisugu, Kampala, mwalimu alipanga mdahalo: je, majimbo ya kusini ya Marekani yalikuwa na haki ya kujitenga, kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe? Mimi, mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo, nikapangiwa kuyatetea. Nilitaka kukataa. Kwetu wapo wenye bunduki wanaotaka kuikata ardhi yetu iwe nchi yao, na ni kwa sababu yao nauza vitenge Kampala. Lakini mimi napenda kushinda, hata karata za watoto.

Kila msemaji alianza kwa kujitambulisha, eti kuuzoeza ulimi. Nami nilitaka wanihurumie kabla sijafungua hoja. Nikataja kijiji chetu. Nikamtaja mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyegoma kuwafundisha watoto wimbo wa wale wenye bunduki, nao wakaanza kumsaka. Nikasema hadi alipojificha, kwa shangazi, ng'ambo ya mto. Mdomo huponza kichwa.

Kisha nikadai kwamba majimbo yaliingia kwenye muungano kwa hiari, basi yangeweza kutoka kwa hiari, katiba haikuyazuia. Mpinzani wangu, mzee wa Kinubi anayeuza vipuri Katwe, akaacha Kiingereza.

"Binti yangu, hawa walitaka kutoka sababu gani? Wabaki na watumwa wao. Sema hiyo kwanza."

Nilijua. Niliiruka makusudi, nikarudi kwenye katiba, na makofi yakawa yangu.

Nje, mwanamume wa kwetu aliyekuwa amekaa nyuma, mgeni siku ile, alinipa mkono na hakuuachia.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "umesema muzuri sana. Batu kama weye ndio tunatafuta kule."

"Yalikuwa masomo tu, ndugu yangu."

"Hapana, ilitoka rohoni." Akatabasamu. "Na mudogo yako, nitamusalimia."

Nilitembea hadi kona bila kukimbia, kwa kuwa alikuwa ananitazama. Nikaketi kwenye benchi la muuza chapati, nikampigia mdogo wangu. Nilimwambia atoke kwa shangazi sasa hivi, asichukue hata begi.

"Nani amewaambia niko huku?"

Nilitaka kusema sijui.

"Ni mimi," nikasema.

Nikamsikia akimwomba shangazi viatu, simu ikakatika. Huu ni mwezi wa pili, na namba yake haipatikani.