Pelagia Hakunywa

Mke wangu Pelagia alizaliwa Heru Juu, upande wa Kasulu. Nilimleta huku Kibondo na jembe lake. Hakuwa na maneno mengi. Ila neno ulilosema leo, mwakani atakurudishia vilevile, hata ukikataa.

Mwaka jana jirani yetu Uwimana, mjane, alishitakiwa shamba. Pelagia akatoa ushahidi mahakama ya mwanzo: mpaka ni mnyaa, ule mti wa utomvu tunaopanda mipakani. Hakimu, Kipriani, alikuwa amelewa, anasinzia. Hukumu ilipotoka, imeandikwa Pelagia kasema mpaka ni kijito. Uwimana akakosa shamba.

"Maneno yangu yamegeuzwa," Pelagia akasema. Rufaa aliiacha kwa Uwimana. Yeye alimtaka hakimu mwenyewe. Akapeleka malalamiko kwenye kamati ya wilaya ya maadili ya mahakimu, akanitaja mimi shahidi, maana nilikuwepo.

Kamati haijakaa, akafa. Tumbo, siku nne tu.

Hakimu alikuja kuzika. Akashika koleo. Siku ya kuondoa msiba akakaa ubavuni kwangu, mirija miwili, chungu kimoja cha pombe ya ndizi. Nikanywa. Kwetu mkishakunywa hivyo, kesi imekufa.

Wiki ya pili barua ya kamati ikaja: njoo useme.

Tangu hapo sikutulia. Nalima tuta moja, naacha. Naingia ndani, natoka. Tharsisi, jirani, akaniona.

"Mzee, unatafuta nini humo ndani? Utamshitaki mtu uliyekunywa naye? Nani atakanyaga kwako tena?"

"Na maneno ya Pelagia?"

"Marehemu halimi shamba la mtu."

Alhamisi nikapanda bodaboda. Tulipofika Kitahana nikamsimamisha dereva, nikashuka. Nikapanda. Mbele kidogo nikashuka tena.

"Babu," akasema dereva, "tunaenda au tunarudi?"

"Twende."

Kwenye kamati, hakimu alisimama wa kwanza. "Waheshimiwa, mzee huyu nimemzikia mke. Tumekunywa chungu kimoja. Hatuna ugomvi. Mwulizeni."

"Ni kweli, mzee?" akauliza mwenyekiti.

"Kweli."

"Basi malalamiko tuyafute?"

Miguu yangu ilitaka mlango. Nikaishika meza.

"Niliyekunywa ni mimi. Pelagia hakunywa. Na malalamiko ni yake."

Nikasema yote. Pombe saa nne asubuhi. Usingizi. Mnyaa, si kijito. Hakimu akaangalia viatu vyake.

Mwenyekiti akasema wao hawamfukuzi mtu. Wanapeleka taarifa juu, kwenye Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Tume ndiyo inayoamua. Itachukua muda. Ninaweza kungoja?

"Kungoja siwezi," nikasema. "Lakini nitangoja."

Karani akasukuma karatasi na wino, niweke dole gumba. Mimi shule sikwenda.

"Soma kwanza," nikamwambia.

Akasoma mbio, kama anafukuzwa.

"Polepole, mwanangu. Hapo penye mnyaa, rudia."

Akarudia. Ulikuwa mnyaa.

Nikaweka dole.