Gari Kuukuu la Mwendo Safi

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, mama mdogo huchovya kitambaa kwenye ndoo, hukikamua, kisha hufuta mlango mmoja tu. Gari lote lina vumbi, boneti imejaa nyayo za paka, lakini yeye hufuta mlango wa abiria peke yake, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Akimaliza, maandishi hujitokeza chini ya rangi ya kijivu iliyopakwa kwa haraka: MWENDO SAFI, SHULE YA UDEREVA. Ndipo hupakia mabunda ya shuka kwenye buti na kuondoka, moshi mweusi ukimfuata.

Kazi yake ni kufua na kupiga pasi shuka za nyumba za wageni. Zamani alikaa kaunta ya shule hiyo ya udereva, miaka yote aliyokuwa mke wa mwenye shule. Mji mzima humwita mwenye shule Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha kitu. Mama mdogo aliandikisha wanafunzi, aliwagawia funguo, aliwabembeleza waliofeli. Kuendesha hakujua.

Si kwamba hakujaribu. Mwalimu alimweka kwenye usukani wa gari la mafunzo, lile lenye klachi na breki za ziada upande wa mwalimu, mbele ya wanafunzi waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu. Mama mdogo akaachia klachi polepole, kama alivyosikia wengine wakielekezwa. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Akawasha tena. Likazima tena.

"Nimefundisha hadi wenye jicho moja wakafaulu," Mwalimu aliwaambia wa kwenye benchi. "Lakini huyu wangu? Sikio la kufa!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mdogo naye akacheka, kwa kukosa la kufanya. Tangu siku hiyo aliamini kwamba miguu yake ni mizito, na kwa miaka mingi akipewa lifti alikaa kiti cha nyuma bila kuulizwa.

Mwalimu alipomwacha na kumwoa mmoja wa wanafunzi wake, mama mdogo alitoka na begi la nguo na pasi. Alianza kufulia watu, na kazi ilipopanuka ikabidi ajifunze kuendesha, apende asipende. Alikwenda shule nyingine, kwa mwalimu mwanamke. Siku ya kwanza gari likaondoka bila kuruka. Akafika mwisho wa uwanja, akageuza, akarudi, machozi yakimtoka.

"Mbona kule lilikuwa linazima?" akauliza.

"Ulipokuwa unaachia klachi," yule mwanamke akasema, "mguu wa mwalimu wako ulikuwa wapi?"

Mama mdogo alikikumbuka kiatu cha kahawia kimelala juu ya breki ya upande wa pili, kimetulia kabisa, kama mtu aliyelala usingizi.

Alipokwenda kutafuta gari aliongozana na fundi wake, mtu anayeitwa Kimya kwa sababu hanyamazi. Kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, Kimya alishamchagulia: gari dogo jeupe, la zamani lakini lililotunzwa, lisilokunywa mafuta. Alilizunguka, akalisikiliza injini, akalala chini kulikagua tumbo.

"Dada, hili ni la kuoa," akasema huku akijipangusa mgongo. "Halina makuu. Utabeba shuka zako hadi uzeeke."

Mama mdogo hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amesimama kwenye kona, mbele ya gari la kijivu lenye kioo kilichopasuka, akipapasa mlango wa abiria kwa kidole.

"Hilo? Hilo la nini tena?" Kimya akamkimbilia. "Hilo lilikuwa la kufundishia! Klachi yake imekanyagwa na mji mzima! Ukilinunua, mimi na wewe tutaonana kuliko mtu na mumewe."

"Sina mume. Nafasi ipo."

"Dada, gari la kila siku si la kununua kwa hasira."

"Kwani linaondoka?"

"Linaondoka. Kurudi ndiyo sikuahidi."

Akalinunua. Alimwagiza Kimya mambo mawili: atoe zile klachi na breki za ziada, na asiguse rangi ya mlango.

Kutoka nyumbani hadi kwa wateja wake kuna barabara fupi. Mama mdogo hupita ndefu, inayokwenda hadi mbele ya Mwendo Safi, na hupita wakati benchi limejaa. Pale hupunguza mwendo. Gari hukohoa, hutetemeka, hutapika moshi, na jina la shule linang'aa ubavuni.

"Mwalimu, gari lenu hilo linakata roho!" wanafunzi hupiga kelele. "Ndilo la kufanyia mtihani?"

Waliokuja kuuliza nafasi wakaanza kuuliza na mengine: kama magari yote ya shule yako hivyo, kama kuna bima. Wengine waliaga kwa adabu na hawakurudi. Mwalimu akayapaka magari yake mapya rangi ya chungwa ili yatofautishwe. Haikusaidia, maana jina ni lilelile.

Hatimaye akaja mwenyewe, asubuhi, mama mdogo akipakia. Mimi, ninayemsaidia kupeleka shuka, nilikuwa nimeshakaa kiti cha nyuma, nimebanwa na mabunda ya foronya.

"Bibie," akasema, "nimekuja kwa amani. Nina gari zuri, jipya kuliko hili mara mia. Chukua, nipe hili. Sitaki nyongeza yoyote."

"Shuka za watu zinangoja. Panda, tutaongea njiani."

Akapanda. Mama mdogo aliendesha vizuri, kwa utulivu, hadi kwenye mteremko wa sokoni, ambako lori lilikuwa limesimama mbele yetu. Aliona mapema na alikuwa ameshaanza kupunguza mwendo, lakini Mwalimu hakungoja. Mguu wake ulikanyaga kwa nguvu. Ukakanyaga zulia. Akakanyaga tena, magoti juu, mikono imeng'ang'ania kiti. Gari likasimama kwa breki ya mama mdogo, mbali kabisa na lori.

"Umeangusha kitu huko chini?" mama mdogo akauliza.

"Mguu umekufa ganzi."

"Pole. Hiyo breki niliitoa." Akaegesha pembeni, akazima injini. "Gari nitakupa. Nenda kasimame mbele ya benchi, waambie siku ile mimi niliachia klachi vizuri na wewe ulikuwa umekanyaga breki."

Mwalimu akanitazama kwa kioo. Nikainamisha uso kwenye foronya.

"Ule ulikuwa utani tu," akasema kwa sauti ndogo. "Haya, nilikanyaga. Basi, nimesema."

"Umeyaambia mashuka. Mimi nilichekwa na watu."

"Nina heshima yangu mjini, bibie! Mwalimu wa udereva akisema vile, nani atampa mtoto wake amfundishe?"

"Basi shuka."

Akateremka, akaubamiza mlango, akapandisha mteremko kwa miguu huku wauza nyanya wakimsalimia, "Mwalimu, leo gari liko wapi?"

Hajakiri mpaka leo. Gari limemwaibisha mama mdogo pia: limemzimikia kwenye mvua, limemchelewesha hadi nyumba moja ya wageni ikamtafutia mbadala. Kimya kila akiitwa huja na wimbo wake: lile jeupe bado linatembea, aliyelinunua hata hamjui fundi. Mama mdogo humpa spana, anyamaze.

Juzi tulikuwa tunakunja shuka, kila mmoja ameshika pembe zake. Nikamuuliza nililokuwa nalo moyoni tangu siku ya mteremko: kama Mwalimu angekwenda kweli mbele ya benchi akasema yote, angempa gari?

"Hapana," akasema.