Kondensa ya Wiki ya Harusi

Siku tatu kabla ya kuolewa nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gari la kaka yangu, mkono umezama mpaka kiwikoni nyuma ya bampa, na mama amesimama mlangoni akiuliza kama hivi ndivyo bibi harusi anavyopumzishwa.

Gari lile kaka alilinunua miaka ile serikali ilipofungulia biashara ya nje, magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kuonekana hata Sumbawanga. Kabla ya hapo, gari dogo likipita mtaani kwetu Katandala ulijua ni la ofisi au la padri. Kaka alikuwa akinunua mahindi na kuyapeleka Mbeya, na siku moja alirudi akiendesha lake, jeupe, lenye kikaratasi cha Kijapani kwenye kioo ambacho alikataza kisibanduliwe. Alituonyesha kila kitufe. Alipofika kwenye kiyoyozi, majirani walicheka. Sisi tunaolala na mablanketi mawili, baridi ya kununua ya nini?

Kwa hiyo jiwe la barabarani lilipotoboa kondensa, ile kama rejeta nyembamba inayokaa mbele kabisa na kupoza gesi ya kiyoyozi, kaka hakujali. Gesi ikavuja yote, yeye akaendelea na safari zake.

Mpaka mimi nilipopata mchumba wa Muze.

Muze iko chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Ukiteremka kwenda huko, sweta unalivua kabla hujafika nusu ya njia. Misa ingekuwa mjini asubuhi, sherehe kwa wakwe zangu mchana, na katikati yake barabara ya vumbi.

"Tukifungua vioo, utafika umekuwa tofali," kaka alisema. "Tukivifunga, utafika umeiva."

"Basi tengeneza kiyoyozi chako."

"Nani wa kukitengeneza hapa mjini?"

"Mimi na wewe," nikamjibu.

Sikuwa natania sana. Nilikuwa fundi cherehani, gauni la harusi nilijishonea mwenyewe, na kufungua kitu kisha kukirudisha hakukunitisha. Kaka akaagiza kondensa iliyotumika kutoka Mbeya. Ilikuja kwa basi, imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. Tukafungua shoo, ule wavu wa mbele ya rejeta, na bampa pale uani, tukatoa ile mbovu, tukapandisha ngeni. Matundu ya kufungia hayakulingana! Ilikuwa ya gari la aina nyingine kidogo.

Kaka aliketi chini akashika kichwa. Mimi nikaingia ndani kuchukua futi yangu na chaki. Nikapima, nikachora kwenye vipande vya chuma chembamba, yeye akatoboa. Mara ya pili ikakaa. Zikabaki nati za mipira ya gesi, na mkono wa kaka haukupita. Wa kwangu ulipita, ndipo mama akanikuta.

Siku iliyofuata alikuja fundi wa majokofu kutoka Kizwite, mtu mpole aliyekuwa akitengeneza mafriji ya wauza soda, mtungi wa gesi na pampu amevifunga kwenye baiskeli. Akanyonya hewa yote kwenye mfumo, akaingiza gesi kidogo ya kujaribia, kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kimoja kikaanza kutoa mapovu.

"Nani alifunga hapa?"

Kaka akaniangalia. "Bibi harusi."

"Haya, bibi harusi afungue tena," akasema bila kucheka.

Kumbe kile kiduara cha mpira kilichomo ndani nilikiweka kikavu, kikajikunja. Akanipa kipya, akanifundisha kukipaka mafuta kwanza. Safari hii povu lilitulia. Akajaza gesi, kaka akawasha injini, tukaingia wote watatu, tukafunga milango. Upepo ulianza wa kawaida, kisha ukawa mkali mpaka meno yakagongana. Nilipiga kelele kwa furaha. Mama alifungua mlango, akajikunyata ndani ya kitenge chake.

"Nyumba nzima ina baridi," akasema, "na nyinyi mmeenda kujitengenezea nyingine." Halafu akasema tusogee, naye akaingia.

Grisi haikutoka kwenye kucha, si kwa limau wala kwa sabuni ya unga. Kanisani, mume wangu aliposhika kidole kunivisha pete, alikitazama kidogo.

"Ulikuwa unalima?" akaninong'oneza.

"Nilikuwa gereji."

Alibana kicheko mpaka padri akakohoa.

Tulishuka bondeni vioo vimefungwa, vumbi likipita nje kama moshi, sisi ndani tukiimba. Tulipofika Muze, bibi wa mume wangu ndiye aliyekuja kunipokea. Mlango ulipofunguliwa, ile baridi ikampiga usoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Humo ndani mmeweka nini?"

Hakungoja jibu. Mimi niliposhuka, yeye akapanda, akavuta mlango. Wakambembeleza atoke, akakataa. Kaka ikabidi abaki kwenye usukani, injini inaunguruma, maana ukiizima na baridi inakwisha. Nilipoenda kuwachungulia katikati ya ngoma, walikuwa na sahani za wali mapajani, bibi anamweleza ukoo mzima wa mume wangu, nani mkorofi na nani wa kuaminika, na kaka anaitikia kwa heshima, amejifunika koti.