Mwanariadha wa Madumu

Nikinusa udongo uliolowanishwa, hasira hunipanda hadi leo. Ndiyo harufu ya jioni zangu za darasa la sita, hapa Nyamahanga, msimu nilipochaguliwa kukimbia mita mia nne kwenye mashindano ya wilaya. Sikuwa msemaji, nikiitwa ubaoni niliona haya. Lakini miguu yangu haikuwa na haya, na nilitaka kitu kimoja tu: niitwe mwanariadha mbele ya watu. Mwalimu wetu wa michezo ndiye aliyetufundisha neno hilo. Alisema neno riadha limetoka katika Kiarabu, maana yake ni kuuzoeza mwili. Kwa hiyo mwanariadha si mtu mwenye mbio tu, ni mtu aliyefunzwa. Nililipenda neno hilo kuliko jina langu.

Mafunzo yenyewe yalikuwa madumu. Mwalimu alikuwa anafyatua matofali ya nyumba yake, nasi wakimbiaji tulipanda kutoka mtoni na maji kichwani, jioni baada ya jioni, kumlowanishia udongo. Mama alipomwamkia na kumuuliza, alijibu kwa upole, "Marahaba, Mama Editha. Maji ni mazoezi. Huyu wako anaiva." Mama akashukuru. Kwetu mwalimu hapingwi, na asiyejua maana haambiwi maana.

Siku ya mashindano niliona mistari ya chokaa kwa mara ya kwanza. Filimbi ilipolia nilikimbia kama tunavyokimbia kwetu: nikaacha njia yangu, nikaingia ya ndani kabisa, maana hakuna anayezunguka shamba akiona njia ya mkato. Nilifika wa kwanza. Mwamuzi akasema nimetoka kwenye njia yangu, akafuta ushindi. Wenzangu wakacheka, "Alifikiri anawahi mbuzi kwenye mihogo." Nilimtazama mwalimu, nikingoja aseme kwamba hakunifundisha. Akamwambia mwamuzi, "Watoto wa shamba hawa, mzee. Utawafunza nini?"

Siku hizi nalima mihogo yangu mwenyewe, na watoto wa shule bado wanatumwa maji wakiambiwa ni mazoezi. Mimi tu ndiye ninayejua sasa mazoezi ni nini. Jumamosi namchorea mdogo wangu njia kwa majivu ya jikoni, namwonyesha pa kusimama na pa kutokukanyaga. Mama huniambia hasira hasara. Namwitikia, kisha naendelea kuchora.