Dakika Kumi na Moja Baada ya Picha Kuzima

Leo ni Jumapili ya pili ya Agosti, na huu ni mwaka wa kumi na nane tangu nitoke Rongai. Admin, nakuomba ufiche jina langu, na jirani nitakayemtaja umwache aitwe Jirani tu. Nina miaka sabini na minne. Nilikuwa mwalimu. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, nami naishi Lanet kwa mwanangu.

Wiki chache kabla ya kuondoka Rongai tulipokea wageni waliokuja na mahari ya binti yetu. Shemeji yangu alileta kamera ya video, akampa mke wangu aishike. Mama huyu alizoea picha za studio, ambako kamera husimamishwa wima ili mtu aonekane kuanzia kofia hadi viatu. Kwake, kumkata mtu miguu kwenye picha kulikuwa kumkosea heshima. Basi akaisimamisha kamera ya video vilevile, sherehe nzima. Tulipokuja kuitazama kwenye televisheni, wageni wote walikuwa wamelala ubavu, wakila wali usiomwagika.

"Wageni wako wamechoka kweli," nikamwambia. "Hata wanasalimiana wamelala."

"Wewe pinda shingo," akajibu. "Lakini nionyeshe mmoja niliyemkata miguu."

Kanda hiyo ndiyo picha pekee tuliyonayo ya boma letu. Ilisalimika kwa sababu kamera, na kanda ikiwa ndani yake, ilikuwa kwenye mkoba wa mke wangu ili airudishe kwa kaka yake. Nyumba ilichomwa katika ghasia za baada ya kura, sisi tukiwa tayari Lanet. Tulikuwa tumekuja kabla ya Krismasi, kwa kuwa mke wangu alisema dada yake ni mgonjwa sana. Nakumbuka tulimkuta mgonjwa huyo akipika chapati. Nikamshukuru Mungu kwamba amepona haraka.

Nyumba ya Jirani haikuguswa. Mimi na yeye tulikuwa tumechimba kisima pamoja, na siku ya mahari yeye ndiye aliyebaki hadi jioni akibeba viti. Nikasema: huyu alijua, akala kwangu, akanyamaza. Nilisema hivyo mbele ya watoto wangu miaka yote hii, nao wakakua wakiamini. Kila nilipomtaja mezani, mke wangu alisimama akaenda jikoni. Nilidhani ni uchungu. Mwaka jana Jirani alipofariki, mjane wake alituma mtu aniite mazishini. Nilimjibu yule mjumbe: "Mwambie sina viatu vya kufika huko."

Mwezi Juni mjane huyo alinipigia simu mwenyewe. Hakunilaumu. "Mwalimu," alisema, "nasikia wewe una picha ya mzee akitembea. Sisi tuna ya kitambulisho tu. Nitumie nimwone."

Sijui kwa nini nilikubali. Nilipeleka kanda duka moja mjini wainakili kwenye flashi. Binti wa pale alicheka: "Mzee, hii video imelala. Tuiamshe?" Nikamwambia hapana, nitaiamsha mwenyewe. Nilikuwa na kompyuta na muda mwingi. Nilipata programu ya kuhariri, nikajifunza taratibu. Mara ya kwanza niliizungusha upande usiofaa, wageni wakasimama kwa vichwa. Mara ya pili wakasimama kwa miguu yao. Nilimwona Jirani akivuka uani na viti vinne, koti lake la kijivu likipepea, mwenye nguvu kama nilivyomjua. Nililia, nami nilikuwa bado namchukia.

Katika programu hiyo, chini ya picha kuna utepe unaoonyesha sauti kama vilima. Mwisho wa sherehe mke wangu aliifunika kamera lakini akasahau kuizima. Siku zote picha ilipoingia giza tulizima televisheni. Sasa niliona kwamba kwenye giza vilima vinaendelea, dakika kumi na moja. Nikasikiliza.

"Mama Mwalimu," ni sauti ya Jirani, "kura zikiharibika hapa hapakaliki. Vijana wamefanya kikao, na mwanangu wa kwanza ni mmoja wao. Mtoe mzee kabla ya Krismasi."

"Hatakubali. Atakuja kukuuliza."

"Ndiyo sababu usimwambie. Unamjua alivyo mkali. Akiniuliza mbele ya watu, wataanza na mimi. Niapie hutasema, hata mkifika huko."

Sahani zinagongana. Kisha mke wangu: "Nimeapa. Nitasema dada yangu ni mgonjwa."

Aliapa, akakitunza kiapo hicho hadi kaburini, akinisikiliza nikimlaani mtu aliyeniokoa.

Shida yangu ni hii. Huyo mwana wa kwanza wa Jirani leo ni mtu mzima mwenye watoto, na ndiye anayemtunza mama yake. Ni yeye atakayemshikia simu ili atazame. Nikiituma nzima, mama atasikia sauti ya mumewe, na kijana atamsikia baba yake akimtaja. Sijui yatakayotokea katika nyumba ile. Nikiikata pale giza linapoanzia, jambo la kubofya mara moja tu, mama atapata mumewe akitembea wima na nyumba yake itabaki na amani. Lakini nitakuwa nimemnyamazisha Jirani tena, safari hii nikijua. Na wanangu nitawaambia nini? Niwaambie nusu?

Nyinyi mnaosoma hapa mna macho mapya kuliko yangu. Nikate, au nisikate?

Mama amepiga simu tena, akasema nisitume, niilete mwenyewe, chai itakuwa tayari. Hilo siwaulizi. Zamani sikwenda kwa sababu ya hasira. Sasa hasira imekwisha, na uso wa kumtazama sina. Video itafika kwa namna mtakayonishauri. Mimi Rongai sitarudi.